Kupima chembe ndogo kwa hadubini ya uga mweusi: fuata mwendo, achana na upana wa nukta

Kwenye uga mweusi, yaani mandhari yakiwa meusi na chembe ziking'aa, chembe ya nanomita 80 na ya 300 zote huonekana kama nukta zenye upana uleule. Lenzi ya 40x yenye NA (kipimo cha upana wa mwanga inaoukusanya) 0.65 haitenganishi kitu chini ya takribani mikromita 0.5, kwa hiyo kupima upana wa nukta ni kujidanganya. Mwangaza nao ni shahidi mbaya: kwa chembe ndogo sana za aina moja, kipenyo kikiongezeka maradufu, mwanga unaotawanywa huongezeka mara 64. Pima jinsi nukta inavyotangatanga majini. Ndogo huhangaika, kubwa hujikokota.

Huna kondensa (lenzi ya chini inayoelekeza mwanga kwenye slaidi) ya uga mweusi? Toa lenzi ya jicho, chungulia ndani ya bomba, kisha funga airisi (tundu linalorekebishika) ya kondensa ya kawaida mpaka ukingo wake ulingane na duara la mwanga. Pima tundu hilo, kata duara la karatasi nyeusi lililolizidi kwa milimita 1 hadi 2, libandike katikati ya kishikio cha filta, halafu fungua airisi yote. Uga ukiwa wa kijivu upande mmoja, karatasi haiko katikati.

Chuja maji ya kuzimulia kwa chujio la sirinji la mikromita 0.2, la sivyo utapima vumbi. Zimua sampuli mara kumi kumi hadi zionekane nukta 20 hadi 50 tu kwa wakati mmoja. Ziba kingo za kioo cha kufunikia kwa rangi ya kucha, ngoja dakika 5. Nukta zote zikielekea upande mmoja kama siafu, kuna mvujo. Tengeneza slaidi nyingine.

Rekodi video, na upate kipimo cha pikseli kwa slaidi yenye rula. Pima kila mruko, yaani umbali ambao nukta imesogea katika muda t (sekunde), kwa mikromita, uzidishe kwa wenyewe, kisha tafuta wastani, M. Kwa maji ya 25°C:

kipenyo (nanomita) = 1,960 × t ÷ M

Kwa t = 0.5 na M = 4.9, jibu ni nanomita 200. Kwa 30°C tumia 2,230 badala ya 1,960. Joto lina uzito kuliko wengi wanavyodhani, na taa hupasha slaidi. Miruko 100 hubakiza kosa la karibu asilimia 10.

Pima pia chembe iliyonata kwenye kioo: M yake ni mtetemo wa kifaa, itoe kwenye M ya chembe unayopima. Na fokasi iwe katikati ya tabaka la maji, kwani karibu na kioo chembe huzubaa na hesabu itaikuza.