Nyundo ya shaba ya kwanza ya mwanao

Mwanao akitaka kushika mashine, mwanzishe na nyundo ndogo ya shaba njano. Binti yangu alianza nayo akiwa na miaka 10. Kateni kipande cha mviringo chenye kipenyo cha milimita 25, urefu 60. Kibane kwenye jiliwa, umwache asawazishe ncha kwa tupa. Asukume mbele tu, akirudisha, ainyanyue. Usimpokonye hata akichelewa.

Toboeni ubavuni kwa keekee ya milimita 8.5, tundu la hesi (mikunjo ya skrubu) ya M10, yaani ya kipenyo cha milimita 10. Baneni barabara, maana shaba hudaka keekee ghafla inapotokeza upande wa pili. Miwani kwa wote wawili, nywele zifungwe, glavu zivuliwe: keekee ikinasa glavu, huvuta na kidole. Mkono wangu hapa haubanduki kwenye swichi.

Kukata hesi ndiko kutamu. Zungusheni tapi, kifaa cha kukata hesi ndani ya tundu, nusu mzunguko, kisha mrudishe robo ili chembe zikatike. Binti yangu hufumba macho akisubiri ule mkatiko mdogo kiganjani. Ikikaza, msilazimishe, yetu moja ilivunjikia ndani, ikabidi tuanze na kipande kipya.

Mpini ni ufito wa chuma uliokatwa hesi ya M10 nchani. Aukaze mwenyewe, kisha agonge herufi ya jina lake kichwani.