Jinsi ya kufuata msimu mzima wa NBA na vitumbua visiungue

Mimi ni mpika vitumbua hapa Ngamiani, Tanga. Saa tisa usiku nishaamka, rojo limeumuka tangu jioni, mkaa unashika moto. Mdogo wangu anaishi Toronto, na mwaka 2018 alinipigia simu akaniambia, "Dada, saa ulizo macho wewe ndizo saa za mpira wa kikapu huku." Tangu hapo sijapona. Mashoga zangu huniuliza nawezaje kufuata NBA, ligi ya kikapu ya Marekani yenye mechi 82 kwa kila timu, na biashara isife. Nitaeleza kwa msimu wangu wa kwanza, ule wa Raptors, timu ya Toronto, wa 2018-19, maana ndio ulionifunza.

Shika timu moja. Ligi ina timu 30, ukizikimbilia zote utabaki na majina tu. Na kabla ya mechi ya kwanza, Oktoba, jua nani kaingia nani katoka. Raptors walikuwa wamemfukuza Dwane Casey, kocha aliyechaguliwa bora wa ligi msimu huohuo, timu akapewa Nick Nurse. Julai wakamtoa DeMar DeRozan, kipenzi cha mji, wakamleta Kawhi Leonard kutoka San Antonio. Mdogo wangu alinuna. Mwenye uamuzi alikuwa rais wa timu, Masai Ujiri, Mnigeria ambaye mama yake ni Mkenya. Nikamwambia, huyo mtoto wa jirani, mpe muda.

Halafu saa. Wenzetu wana mchezo wa kusogeza saa: tangu Jumapili ya kwanza ya Novemba hadi Jumapili ya pili ya Machi tunawatangulia Toronto kwa saa nane, miezi mingine saba. Mechi yao ya saa moja na nusu jioni, kwangu Desemba ni saa tisa na nusu usiku, Aprili ni saa nane na nusu. Andika ukutani. Machi ya kwanza sikuandika, nikafungua simu mechi iko robo ya tatu kati ya nne. Wewe unayelala kama binadamu, tafuta mechi zao za Jumapili mchana: saa tisa na nusu alasiri ya Toronto wakati wa baridi ni saa tano na nusu usiku hapa.

Usitazame zote 82. Bando litakwisha na utachoka kabla ya Aprili. Mimi huchagua mechi moja kwa wiki, nyingine nasoma matokeo asubuhi. Lakini usisome alama peke yake, soma na nani hakucheza. Msimu ule Kawhi alicheza mechi 60 tu kati ya 82, wakimpumzisha makusudi kwa ajili ya mguu wake, na watu wakalalamika. Mimi nikahesabu zile 22 alizokosa: walishinda 17. Hapo ndipo nilipojua hii si timu ya mtu mmoja, na nikaanza kumwangalia yule kijana wa Kameruni, Pascal Siakam, aliyesomeshwa seminari awe padri akaishia kuwa mchezaji aliyepiga hatua kubwa kuliko wote mwaka ule.

Usidharau mechi ya Novemba. Tarehe 29 waliwafunga Golden State, mabingwa wa wakati huo, 131 kwa 128 katika muda wa nyongeza, ingawa Kevin Durant wa Golden State peke yake alifunga pointi 51. Nikaona ni mechi kama nyingine. Mwisho wa msimu Raptors walikuwa na ushindi 58, Golden State 57, na zilipokutana fainali, kwa ushindi huo mmoja fainali ikaanzia Toronto. (Wakashinda nyumbani mara moja tu, na ugenini mara tatu! Mpira nao una vituko vyake.)

Februari kuna siku ya mwisho ya kubadilishana wachezaji, siku hiyo weka simu karibu. Ndipo alipoletwa Marc Gasol kutoka Memphis.

Sasa mtoano, ambao huanza Aprili. Kila hatua ni anayetangulia kushinda nne, kwa hiyo kufungwa ya kwanza si msiba. Raptors walifungwa na Orlando mechi ya kwanza, wakashinda nne mfululizo. Walifungwa mbili za mwanzo na Milwaukee, wakashinda nne mfululizo. Mechi ya tatu na Milwaukee ilikwenda nyongeza mara mbili. Kinachobadilika katikati ni nani anamkaba nani: Kawhi alipopewa kumkaba Giannis Antetokounmpo, nyota wa Milwaukee, mambo yakageuka. Tazama hilo kabla ya kutazama mpira unakwenda wapi.

Mwaka ule mtoano uliangukia Ramadhani, na Ramadhani vitumbua huuzwa jioni, kwa hiyo usiku nilikuwa huru. Mechi ya saba na Philadelphia ilianza saa nane usiku. Wakati wa daku ni 90 kwa 90, sekunde nne zimebaki. Kawhi akakimbia hadi pembeni, Joel Embiid wa Philadelphia yuko naye, akaurusha juu sana. Mpira ukadunda kwenye chuma mara nne, nami kijiko kimesimama hewani. Ukaingia. Mume wangu akatoka chumbani akidhani jirani kafiwa.

Fainali ni Juni, na mwaka ule mechi nyingi kwetu zilianza saa kumi alfajiri, saa mbaya kabisa kwa mpika vitumbua. Usijidanganye kuwa utageuza vitumbua na kutazama kwa pamoja. Kaanga vingi mapema, vingine viache vingoje mapumziko ya kati, na robo ya nne zima jiko. Tarehe 14 Juni 2019 sikuzima. Golden State walikuwa wamempoteza Durant mechi iliyotangulia, na siku ile Klay Thompson naye akaumia goti, lakini hawakukata tamaa mpaka karibu saa moja asubuhi: 114 kwa 110, Raptors mabingwa. Kikaango kizima kimekuwa mkaa. Madereva wa bodaboda walivila hivyohivyo, wakakataa kulipa.