Ukimuuguza mzazi mpaka ukajisahau

Kujisahau hakuji siku moja. Kwanza unaacha mazoezi ya kwaya "mpaka mama apate nafuu". Halafu kila simu inayoingia ni ya kuulizia mgonjwa. Mwisho ukiulizwa utakula nini, unajibu "chochote", na kweli huna jibu. Kwa anayemuuguza mtu wa kiharusi nyumbani, dalili hiyo ya chakula ndiyo ya kuitazama.

Usianze kwa kujiuliza wewe ni nani. Anza na daftari. Kwa siku 7 andika kila kazi na saa yake: dawa, uji, mashuka, kumgeuza (asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa 2 hivi, hata usiku), kupokea wageni. Wageni hula muda kuliko unavyodhani.

Kisha gawa zamu, usiombe msaada. Ukimwambia kaka yako "nisaidieni jamani", atakupa pole. Mwambie: "Jumamosi, saa 9 alasiri mpaka saa 12 jioni, mama ni wako." Aliye mbali amlipe mtu wa kumshikia zamu.

Mwenye zamu afundishwe kwa vitendo. Asimame upande mgonjwa anaogeukia, akunje goti la mbali, ashike nyuma ya bega na nyonga za upande huohuo wa mbali, avute vyote pamoja. Mto mmoja mgongoni, mwingine kati ya magoti. Mkono uliopooza hauvutwi kamwe, bega litaumia. Aone mara 1, afanye mara 2 ukiwepo. Wengi huiruka hatua hii, ndiyo maana wakitoka wanapigiwa simu kila dakika 10.

Saa hizo 3 toka nyumbani. Kwenda famasi na sokoni hakuhesabiki. Ni uuguzi uleule umehamia barabarani. Rudia jambo moja la zamani linaloshikika mkononi. Kama ulikuwa msusi wa mikeka, usiuwaze mkeka mzima. Suka pima 1 (urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa) ya ukili, ule ukanda unaoshonwa kuwa mkeka. Mara za mwanzo vidole vitagoma, hamu hutakuwa nayo, na moyo utakusuta kwamba umemtelekeza mzazi. Usibadili shughuli kabla ya zamu ya 4.

Usingizi ukikukimbia wiki 2 mfululizo, nenda kituo cha afya. Ukijiwa na mawazo ya kutaka kufa, nenda siku hiyohiyo, na uyataje waziwazi.

Na zamu isifutwe eti kwa kuwa leo mama kaamka vizuri. Siku kama hiyo ndiyo rahisi kuliko zote kwa kaka kujifunza.