Andika presha pamoja na joto unapopima uvujaji wa kiyoyozi

Kabla ya kujaza gesi katika kiyoyozi kikubwa cha hoteli au duka, hasa hapa Malindi ambako hewa ya chumvi hula mabomba ya nje, zima umeme, vuna gesi iliyobaki ndani ya mabomba na kuitia kwenye mtungi wake, kisha jaza naitrojeni kavu kupitia regyuleta (kifaa cha kudhibiti presha inayotoka kwenye mtungi) bila kuvuka presha iliyoandikwa kwenye kibati cha mashine, na uandike presha ya geji pamoja na joto la hewa la saa hiyohiyo. Sababu ni kwamba naitrojeni iliyofungiwa hupoa pamoja na bomba: mfumo uliofungwa kwa psi 400 (psi ni kipimo cha presha, pauni kwa inchi ya mraba) katika nyuzi 35 utasoma takriban psi 387 ukishuka hadi nyuzi 25, ingawa hakuna tundu lolote, na fundi asiyelijua hilo atapaka povu la sabuni kwenye viungo mpaka jioni. Presha ikishuka chini ya hapo, ndipo utafute tundu.

Njia hii hukosea ikiwa jua linapiga kitengo cha nje huku bomba la ndani likiwa kivulini, kwa hiyo soma geji alfajiri mbili mfululizo. Tundu dogo sana pia halionekani kwa saa moja.

Usithubutu kutumia oksijeni badala ya naitrojeni, hata kama mtungi wa kuchomelea uko karibu, kwa kuwa ikikutana na mafuta ya kompresa chini ya presha hulipuka.