Kuchagua pikipiki ya kruza itakayowafaa dereva na abiria

Ukienda kutazama pikipiki ya kruza, yaani ile yenye kiti cha chini na mkao wa kustarehe, jijini Nairobi, nenda na yule utakayembeba, kwa maana kiti kinachokupendeza wewe huenda kikamchosha yeye kabla hamjafika Thika. Anza kwa kuketi peke yako, pikipiki ikiwa wima: nyayo zote mbili zikanyage chini kikamilifu, magoti yabaki yamekunjika kidogo, na mikono ifikie usukani bila mgongo kuinama. Honda Rebel 500, ambayo kiti chake kiko milimita 690 kutoka ardhini, humfaa mtu mfupi, ila sehemu ya abiria ni kipande chembamba ambacho, kwa maoni yangu, kinatosha safari ya sokoni tu.

Kisha abiria apande. Magoti yake yasipande juu ya nyonga, vikanyagio vyake viwe mbali na ekzosi, na awe na kitu cha kushika au cha kuegemea. Mkiwa wawili, pitieni tuta moja polepole; chuma kikikwaruza lami, springi za nyuma zikazwe, na kama bado kinagusa, tafuteni pikipiki nyingine.