Pampu isijiwashe yenyewe: kuweka ishara za kutoka kwenye kompyuta

Kiwanda chetu cha samaki kipo Ilemela. Pampu inayovuta maji ya ziwa ya kupoozea kompresa inaongozwa na inveta, kifaa kinachopanga kasi ya mota kwa hezi za umeme, na inveta inasikiliza kompyuta kupitia kadi inayotoa ishara. Ishara ya analogi inasema izunguke kwa kasi gani. Ya dijitali inasema washa au zima, basi.

Anza na analogi. Inveta nyingi hupokea volti 0 hadi 10 au miliampia 4 hadi 20. Waya wetu unapita kando ya kompresa tatu, nikachagua miliampia: volti hupungua njiani na kudaka kelele za mota. Tena ukipima ukapata 0, ujue waya umekatika, maana hata pampu ikiamriwa kusimama utaona 4.

Kwenye programu fungua chaneli AO0 (analogi ya kutoka, namba 0), andika hezi 0 ni miliampia 4, hezi 50 ni 20. Usiunge inveta bado. Unga multimita, waya mwekundu kwenye tundu la mA, kisha amuru hezi 25. Lazima usome 12. Mimi siku moja nilisoma 8, nikailaumu kadi nusu saa nzima. Kumbe kipimo cha juu kilikuwa kimebaki hezi 100. Ukimaliza, rudisha waya tundu la volti, la sivyo kipimo kinachofuata kitaunguza fyuzi.

Dijitali, chaneli DO0 (dijitali ya kutoka, namba 0): kadi isishike kontakta, ile swichi kubwa ya umeme, moja kwa moja. Pitisha kwenye rilei (swichi ndogo inayovutwa na koili) ya volti 24, na dayodi, inayopitisha umeme upande mmoja tu, sambamba na koili, upande wenye mstari uelekee chanya.

Sasa hali ya kuanzia, yaani ishara zinazotoka programu inapofunguka, ambayo wengi huiruka. Yetu ilikuwa imewekwa "rudisha ya mwisho". Usiku mmoja umeme ukakatika, msaidizi wangu akaona ndiyo nafasi ya kufungua kichujio atoe magugu maji. Mkono ulizama hadi kiwiko. Alipoutoa tu, umeme ukarudi, programu ikajifungua, ikakumbuka pampu ilikuwa inazunguka, ikaiwasha. Maji yalimlowesha kifua chote, na kwa dakika kadhaa hakuna aliyesema neno.

Siku hizi DO0 inaanza na 0, AO0 inaanza na 4, na kadi ikikosa habari za kompyuta kwa sekunde 2 inarudi kwenye namba hizohizo. Anayefungua kichujio anazima swichi kuu na kuifunga kwa kufuli, ufunguo mfukoni mwake.

Kujaribu: pampu ikiwa inazunguka, chomoa kebo inayounga kompyuta na kadi, usikilize rilei. Isipoachia, rudi kwenye mipangilio.