Zana Imevunjika na Waranti Bado Ipo: Hatua za Kubadilishiwa Dukani

"Waranti ya maisha" ni maneno makubwa kwenye boksi, na masharti yake huandikwa kwa herufi ndogo. Kwa zana za mkono kama spana, soketi, koleo ya kubania (plaizi) na nyundo, kinachodhaminiwa karibu kila mara ni kasoro ya chuma au ya utengenezaji. Kuchakaa hakumo, na matumizi mabaya hayamo. Ndiyo maana mtu wa kaunta, kabla hajauliza risiti, huitazama kwanza zana pale ilipokatikia.

Hatua ya 1: Usiharibu ushahidi

Okota vipande vyote. Usivirudishie pamoja kuona kama vinakaa, kwani nyuso mbili zikisuguana alama zinafutika. Usipige grenda wala kuchomelea; zana iliyochomelewa hairudishwi popote. Paka mafuta mepesi kidogo ili kutu mpya isiingie, kisha funga kila kipande peke yake. Kabla ya kupaka, piga picha mbili au tatu za karibu kwenye mwanga wa mchana.

Hatua ya 2: Soma palipokatika

Hapa ndipo madai yanaposhinda au kushindwa, kwa hiyo usiharakishe.

Ukiona doa jeusi, tundu dogo au mstari wa mkunjo ndani ya chuma, hiyo ni kasoro ya kiwandani na una hoja nzuri. Kutu ya zamani iliyo sehemu moja tu ya mkato, huku sehemu nyingine ikiwa inang'aa, inaonyesha ufa ulikuwapo kabla ya siku ya kuvunjika. Nayo inakusaidia, ingawa muuzaji mjuzi anaweza kuuliza kwa nini uliendelea kuitumia.

Sehemu laini yenye mistari kama ya maji ya ziwa yanayorudi nyuma, ikifuatiwa na sehemu ya chengachenga, ni uchovu wa chuma: ufa ulikua polepole kwa mizigo mingi. Baadhi ya maduka hubadilisha zana ya namna hii.

Chuma kilichopinda au kujisokota kabla ya kukatika ni habari nyingine. Mraba wa racheti (ule mkono wa kuzungushia soketi, na mraba ndio soketi inapochomekwa) uliojisokota, au mkono wa spana uliopinda, unaonyesha nguvu ilizidi. Kwa kawaida kuna bomba lililochomekwa kurefusha mkono. Mikwaruzo ya bomba hilo huonekana wazi, na wauzaji wanaijua. Vilevile soketi ya kung'aa iliyopasuka ubavuni kwa sababu ilitumika kwenye mashine ya upepo ya kufungulia nati haina utetezi. Mashine hiyo ina soketi zake nyeusi, zenye kuta nene.

Hatua ya 3: Hakikisha ni kasoro kweli

Safari nyingi za bure hutokana na vitu ambavyo havijaharibika au haviko kwenye waranti.

- Ncha ya tepu ya kupimia inayocheza kidogo imetengenezwa hivyo. Mchezo wake unalingana na unene wa ncha yenyewe, ili kipimo kiwe sahihi ukiisukuma au ukiivuta.
- Bledi za msumeno, tupa, keekee na ncha za bisibisi za kubadilisha huhesabiwa kuwa vitu vya kuisha.
- Bisibisi iliyopondwa kichwani kwa nyundo imetumika kama tindo. Usibishane.
- Spana ya toku, ile inayopima nguvu ya kukaza nati, ina waranti yake, mara nyingi fupi, na kuisahihisha kipimo ni gharama ya mwenye nayo. Kiwango cha kimataifa cha spana hizo, ISO 6789, kinataja miezi 12 au mikazo 5,000 kama kipindi cha kukaguliwa pale ambapo mtumiaji hana utaratibu wake.
- Nyundo huweza kudhaminiwa kichwa tu, mpini wa mti ukaachwa.

Hatua ya 4: Jua nani anadhamini

Waranti inaweza kuwa ya duka au ya mtengenezaji, na kaunta huwa tofauti. Chapa nazo huhama mikono: Craftsman ilikuwa ya Sears nchini Marekani kwa miongo mingi, kisha mwaka 2017 ikanunuliwa na Stanley Black & Decker. Soma jina na namba ya modeli vilivyogongwa kwenye chuma, halafu tafuta masharti ya sasa ya chapa hiyo. Angalia mambo matatu: kama risiti inahitajika, kama waranti ni ya mnunuzi wa kwanza tu, na kama kazi ya kibiashara imeondolewa. Hilo la tatu huwanasa mafundi.

Risiti za karatasi ya joto hufifia. Piga picha siku ya kununua.

Hatua ya 5: Kaunta

Safisha grisi na udongo bila kugusa mkato. Nenda saa ambazo duka halina foleni. Sema kwa ufupi zana ilikuwa inafanya kazi gani na ilikatikia wapi. Usiseme "ilivunjika yenyewe", hakuna anayeamini. Ukikataliwa, omba uonyeshwe sharti lililotumika, kisha tuma picha zako kwa mtengenezaji. Kama ni lazima kusafirisha, uliza kwanza nani analipa: kwa soketi moja ndogo, nauli inaweza kuzidi bei yake.

Ikiwa iliyovunjika imo kwenye seti, tarajia kupewa kipande hicho tu.

Hatua ya 6: Racheti

Racheti inayoteleza mara nyingi haihitaji kubadilishwa. Grisi nzito au uchafu huzuia kijino cha ndani kuuma gia. Duka likikupa kifurushi cha vipuri badala ya racheti mpya, usikidharau. Fungua kichwa ndani ya mfuko wa plastiki unaoona ndani, kwa sababu springi na gololi huruka. Piga picha ya mpangilio, osha kwa mafuta ya taa na mswaki, kausha, weka gia, kijino na springi mpya, kisha paka tabaka jembamba la grisi nyepesi. Ila kama bado hujapeleka madai, usifungue kabla ya kusoma masharti, maana baadhi ya waranti hufutika racheti ikifunguliwa.

Hatua ya 7: Kagua mpya kabla ya kuondoka

Chomeka soketi kwenye mraba uone kama inashika. Zungusha racheti pande zote mbili huku ukibana mraba kwa vidole. Mlio uwe sawasawa, bila kuruka. Funga mdomo wa koleo na uutazame dhidi ya mwanga. Uliza kama waranti inaanza upya au inaendelea na siku zilizobaki, na jibu liandikwe kwenye hati ya kubadilishiwa, kwa kuwa safari ijayo hiyo ndiyo itakuwa risiti yako.